Wageni Rasmi wa Shule ya Kilele

Ipo nchi moja ambayo haina haja ya kutajwa, maana wenyewe hawapendi kutajwa isipokuwa kwa sifa. Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa na wastani. Mvua ilikuwa na wastani, bei ya sukari ilikuwa na wastani, na wastani wa furaha ya wananchi ulisomwa redioni kila Jumatatu kabla tu ya matangazo ya vifo. Mwananchi aliyeamka na huzuni siku hiyo aliombwa avumilie, kwa kuwa mahali fulani alikuwepo mwenzake mwenye furaha maradufu, na wakigawana kwa haki wote wawili walikuwa sawa.

Jiji kuu la nchi hiyo lilikuwa na shule ya msingi ya serikali iliyoitwa Kilele, ingawa ilikaa bondeni, pale maji machafu ya jiji yalipopumzika kabla ya kuendelea na safari. Zamani walisoma hapo watoto wa watumishi waliokaa kwenye maghorofa ya mlimani, pamoja na watoto wa mafundi wa gereji. Baadaye zikafunguliwa shule za kulipia zenye mabasi ya njano. Mabasi yakawachukua watoto wa mlimani mmoja baada ya mwingine, na madawati yao yakakaliwa na watoto wa Mferejini, mtaa uliojiotea ukingoni mwa mfereji bila kumwomba mtu kibali. Walimu hawakubadilika. Kuta hazikubadilika. Hata chaki ilikuwa ileile, inayokatika ukiigusa. Lakini wastani wa Kilele ukaanza kushuka mwaka hadi mwaka, na serikali ikashangaa sana.

Ikaundwa Tume. Tume ikalala hoteli nzuri, ikala asubuhi, ikatafakari, ikala tena. Siku moja mjumbe mmoja, akiwa anapaka siagi kwenye mkate, akaona mwanga. Wakaenda kupima, wakakuta ni kweli: mtoto aliyekuja shuleni amekunywa chai kwa mkate alifaulu, aliyekunywa uji alipita kwa kujikokota, na aliyekuja bila kutia kitu kinywani alishindwa. Tume ikawagawa watoto wote wa nchi katika makundi, ikayaita Watoto wa Mkate, Watoto wa Uji na Watoto wa Hewa. Ripoti ikachapwa kwenye karatasi za kung'aa, na Rais akaipokea kwa mikono miwili.

Nchi nyingine, zisizojaliwa upeo, zingeishia hapo na kuanza kupika. Nchi hii ilitazama mbali zaidi. Iligundua kwamba wanaovuta wastani chini ni Watoto wa Hewa, na kwamba dawa ni kutowahesabu. Tatizo ni kwamba katiba ilikataza kumfukuza mtoto shule, na watu wa nchi hiyo walikuwa waungwana mno kufukuza mtu. Ndipo wakakumbuka desturi yao wenyewe. Kwao mgeni alipewa kiti kizuri kuliko vyote nyumbani. Hakuulizwa maswali, hakutumwa, hakuguswa na kazi yoyote, na watu wa nyumba walipohesabiwa, yeye hakuhesabiwa. Basi ukatoka waraka: kuanzia muhula huo, mtoto atakayefika shuleni bila kula atatambuliwa kuwa Mgeni Rasmi wa shule husika na kupewa heshima zote zinazomstahili mgeni.

*

Kamishna wa Wastani, Mheshimiwa Leokadia, alikuja mwenyewe Kilele kuusoma waraka huo. Alikuwa mama mnene mwenye sauti tamu, na alipotamka neno "asilimia" alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwao.

"Ndugu walimu," alisema ofisini mwao, "serikali yenu sikivu imesikia matumbo ya watoto hawa yakinguruma. Imesikia, na imeamua kuyapa heshima!"

Mwalimu Mkuu, Bwana Fungameza, akapiga makofi, na walimu wakamfuata. Mwalimu Hidaya naye alipiga. Alikuwa mjane wa makamo, mpole, anayefundisha darasa la saba Kiswahili na sayansi kimu, yaani mapishi na usafi, na katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuchelewa kupiga makofi.

Mwalimu Lusajo wa hisabati akanyoosha kidole. "Mheshimiwa, samahani. Si ingekuwa rahisi tuwapikie uji tu?"

Kamishna alimtazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe si ndiye wa hisabati? Ukimpa uji Mtoto wa Hewa, anakuwa Mtoto wa Uji. Akihamia kwenye uji na ujinga wake, wastani wa uji unashuka. Kwa hiyo unataka tuwaharibu na hawa wa uji, ambao hawajatukosea kitu?"

"Lakini akishiba, Mheshimiwa, ujinga wenyewe si utapungua?"

"Hiyo ni dhana," alisema Kamishna. "Sisi tunakwenda na takwimu."

Wiki iliyofuata Lusajo naye alipewa heshima. Aliitwa Mwalimu Mgeni. Kila asubuhi Bwana Fungameza alimpokea getini, akambebea mkoba, akamkalisha kwenye kiti chenye riboni kibarazani, akamwambia, "Jisikie nyumbani, mwalimu." Hakupewa vipindi, kwa sababu mgeni hafanyi kazi. Wala hakupewa mshahara, kwa sababu ni nani, aliuliza Bwana Fungameza, aliyewahi kumtukana mgeni kwa kumlipa?

Walimu wote walimwona Lusajo pale kwenye riboni zake. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenyoosha kidole.

*

Kwa kuwa alifundisha mapishi, Mwalimu Hidaya aliteuliwa kuwa Mkaguzi wa Vinywa.

Zamani asubuhi mstarini zilikaguliwa kucha na kola za mashati. Sasa watoto walisimama wameachama kama makinda, na Hidaya akapita akiinama mbele ya kila mmoja. "Sema aaa." Alinusa. Mkate una harufu yake, na uji una harufu yake, hasa wa ulezi. Njaa nayo ina harufu, ila haikuandikwa popote kwenye mitaala. Ni harufu kavu, yenye uchachu kidogo, ya tumbo lililokesha likijisaga lenyewe. Siku ya kwanza Hidaya alipoinusa kwenye vinywa vile aligundua kwamba aliifahamu siku zote. Alikuwa akiinusa darasani miaka na miaka, akadhani ni harufu ya madaftari.

Watoto hawakuchukua muda kujifunza ujanja. Walitafuna makombo waliyookota kwenye kibanda cha mandazi. Walinyonya vifuniko vya siagi. Mmoja alikuja na kipande cha mkate kikavu kama gome, wakakipitisha mstari mzima kinywa kwa kinywa mpaka kilipokwisha ladha.

Katika darasa la Hidaya alikuwemo msichana wa Mferejini aliyeitwa Zamoyoni, mwenye shingo ndefu na swali kila dakika. Alifika Kilele hajui a wala be. Hidaya ndiye aliyemfundisha kusoma, saa za mapumziko, kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa mandazi, na tangu siku maneno yalipomfungukia mtoto yule hakupitisha andiko bila kulisoma. Alisoma maboksi ya sabuni. Alisoma "Hatari, Umeme" kwenye kila nguzo, kwa sauti, kama anamsalimia mtu. Sasa alikuwa na jambo moja tu kichwani: mtihani wa darasa la saba, ili apate shule ya bweni.

"Mwalimu, kule bweni nasikia maharage ni kila siku. Hata Jumapili!"

"Hata Jumapili," Hidaya alimwambia.

"Basi mimi hawatanitoa kule, mwalimu. Nitafaulu mpaka wachoke."

Asubuhi ya ukaguzi uliokuwa wa mwisho kabla ya mtihani, ule wa kuamua nani mwanafunzi na nani mgeni, Zamoyoni alikuja midomo ikimeremeta. Mama yake alikuwa amempaka mafuta ya kupikia, tone moja la chini ya chupa, akalisambaza vizuri kwa kidole. Mtoto akaachama. Hidaya akainama. Juu palinukia mafuta, na chini ya mafuta palikuwa na ile harufu kavu.

Angeweza kusema, "Mkate." Ni neno fupi. Midomo ilimeremeta, na mtu aliyesimama hatua chache tu pembeni asingejua tofauti. Lakini Bwana Fungameza alikuwa amesimama hatua hizo chache pembeni, na nyuma yake, kibarazani, riboni za Lusajo zilikuwa zikipepea.

Hidaya akatoa leso yake na kumfuta mtoto midomo, taratibu, kama afanyavyo mama kwa mwanawe kabla ya kupiga picha.

"Mgeni rasmi," alisema.

"Hongera, binti!" Bwana Fungameza akapaza sauti. "Wenzako watasota na mitihani, wewe umeheshimiwa. Jamani, mpigieni makofi ya kilo!"

Shule nzima ikampigia Zamoyoni makofi ya kilo. Yeye alibaki anamtazama Hidaya, ameachama bado, kama mtu ambaye hajaambiwa afunge.

*

Wageni rasmi walijengewa turubai uwanjani. Viti vilikuwa vya plastiki, vimevishwa vitambaa na kufungwa riboni kama vya harusini, na mezani paliwekwa maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi kila Ijumaa. Walipoingia asubuhi waliimbiwa "karibuni wageni wetu", na walipotoka walisindikizwa mpaka barabarani. Kati ya wimbo na kusindikizwa walikaa. Hakuna aliyewauliza saba mara nane ni ngapi. Hakuna aliyewapa kazi ya nyumbani.

Turubai lilielekea dirisha la darasa la saba. Hidaya alipouliza swali ndani, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa nje, wa Zamoyoni.

"Mwalimu! Mwalimu, mimi najua! Ni kielezi!"

"Pumzika, mama," Bwana Fungameza alimwambia akipita. "Mgeni hasumbuliwi." Kisha akaagiza dirisha lifungwe, ili wageni wasipigiwe kelele na masomo.

Haikupita wiki, mama yake Zamoyoni akaja shuleni. Alikuwa dobi wa mikono, mwanamke mwembamba anayewafulia watu wa mlimani, na siku hiyo alivaa khanga mpya. Hidaya alipomwona anakuja moja kwa moja upande wake, alitamani ardhi ipasuke. Alijiandaa kutukanwa. Kwa kweli alitumaini kutukanwa.

"Mwalimu wangu," mama Zamoyoni alisema, akamshika mikono yote miwili. "Sina cha kukupa. Nimekuja kusema asante kwa mdomo tu."

"Asante ya nini, mama?"

"Ya nini tena? Mtaa mzima sasa wananiita Mama Mgeni Rasmi! Yule jirani yangu, mwanawe yuko darasani anakaa kwenye dawati bovu, linamchana sketi. Wangu anakalia kiti cha riboni. Diwani wetu mwenyewe hajawahi kukikalia kiti kama kile." Akacheka, akasogea karibu na kushusha sauti. "Na nikwambie siri? Mimi ndiye niliyempaka mafuta asubuhi ile. Nilisema, mwanangu akipendeza midomo, hao walimu wenyewe watamwona."

Hidaya akasema kwamba walimwona.

"Si unaona! Sasa mtihani ni lini hasa? Nataka nimsuke. Asiende kukaa na watoto wa watu kichwa kimesimama."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Uwanja ulikuwa mtupu, hakuna aliyekuwa akiwasikiliza, na mama mwenyewe alikuwa amemshika mikono. Hidaya akatafuta maneno ya kumweleza mtu aliyevaa khanga mpya kwamba heshima ile ni mlango uliofungwa. Akayapata. Yalikuwa maneno mepesi, ya darasa la kwanza.

"Jumatano," alisema. "Msuke tu, mama."

*

Jumatano ilipokaribia, Ofisi ya Wastani ikaingiwa na hofu. Je, kama wageni watasahau kwamba wao ni wageni, wakajikuta wamekaa kwenye chumba cha mtihani? Kuwafungia geti kulikuwa ukosefu wa adabu. Kamishna akafikiri, akafumba macho, akapata jibu linalolingana na utu wa taifa: siku ya mtihani wageni rasmi waandaliwe karamu. Fedha ambazo hazikuwahi kupatikana kwa ajili ya uji zikapatikana kwa siku moja, kutoka fungu la dharura la ukarimu, na zikanunua mchele, nyama, viazi na viungo vya kila aina. Mpishi akawa Mwalimu Hidaya.

Masufuria yaliinjikwa alfajiri, kando ya mlango wa chumba cha mtihani, ili mpishi aweze pia kuangalia nani anaingia. Jua lilipochomoza harufu ya iliki na karafuu ilikuwa imejaa bonde lote la Kilele. Ndani, Watoto wa Mkate na Watoto wa Uji walipanga penseli zao, wakimeza mate. Mmoja wao aliuliza kama naye anaweza kuwa mgeni.

Chini ya turubai Kamishna aliwahutubia walioalikwa. "Wageni wetu wapendwa! Wako watakaosema kwamba nchi hii haiwalishi watoto wake. Leo wafumbe midomo. Nanyi ifumbueni!"

Sahani zikapita. Watoto wa Mferejini walikula kimya. Hawakugombana, hawakucheka, mkono ulishuka ukapanda, ukashuka ukapanda, na macho hayakutoka kwenye sahani. Lusajo, kutoka kwenye kiti chake cha kibarazani, alitazama kidogo kisha akageuza uso akawa anatazama ukuta.

Zamoyoni alikuwa amesukwa twende kilioni, kichwa kimenyooka mistari. Hakula kama wenzake. Alikula haraka lakini kwa utaratibu, kama mtu anayefanya zoezi, akasafisha sahani mpaka punje ya mwisho. Kisha akainuka, akaenda bombani, akanawa mikono, akajifuta kwenye sketi, akaitoa penseli iliyokuwa imechomekwa kwenye nywele. Akavuka uwanja mpaka kwenye masufuria, aliposimama Hidaya na upawa wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekula, mwanangu?"

Zamoyoni alisogea karibu, akainua uso, akaachama.

"Aaa," alisema. "Nikague."

Hidaya hakuhitaji kuinama. Palinukia pilau, iliki na mdalasini na nyama, na ile harufu nyingine haikuwepo kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu amjue mtoto yule, haikuwepo.

"Nimekula, mwalimu," Zamoyoni alisema. "Waraka nimeusoma kwenye ubao wa matangazo, wote, mpaka chini kwenye sahihi. Unasema mgeni ni mtoto aliyekuja bila kula. Mimi nimekula. Kwa hiyo mimi si mgeni tena." Alisema hivyo bila ubishi, kwa ile sauti ya kusoma aliyofundishwa na Hidaya, akipumzika kwenye kila nukta. "Naweza kuingia?"

Mlango ulikuwa hatua moja kutoka pale. Msimamizi alikuwa ameushika kitasa, akisubiri kengele. Ndani, karibu na mlango, palikuwa na dawati tupu. Hidaya aliliona, na alijua kwamba Zamoyoni naye ameliona. Upande wa pili wa uwanja Bwana Fungameza alikuwa ameacha kutafuna. Kamishna naye alikuwa amegeuka, anatabasamu, mkono umeshika kiuno, akisubiri kuona jinsi mwalimu wa Kilele anavyomhudumia mgeni.

Kengele ikalia.

Mwalimu Hidaya akachovya upawa ndani ya sufuria.

"Ongeza kidogo, mwanangu," alisema.

"Nimeshiba, mwalimu."

Hidaya akachukua sahani safi, akapakua. Mlango ukafungwa nyuma yake, pole pole, kwa adabu. Hakuinua macho. Aliendelea kupakua, upawa juu ya upawa, mpaka wali ukaanza kumwagika ukingoni mwa sahani na kuanguka chini, karibu na miguu ya mtoto aliyekuwa bado amesimama na penseli mkononi, akisema kwa heshima zote, "Inatosha, mwalimu. Mwalimu, inatosha."